Wasichana na wavulana katika skauti: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Lamu

Tangu kundi letu lianze kuandikisha wasichana, maswali hayakatiki. Mengine huulizwa barazani baada ya swala ya alasiri, mengine ukumbini nikiwatembelea kina mama, na mengine huja kwa simu usiku, kwa mzazi aliyekosa usingizi. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana. Mimi ni mama, ni mwalimu na ni kiongozi wa skauti, na nina msimamo ambao sitauficha: wasichana waingie, wawe na vikosi vyao chini ya bendera moja na wavulana, na kabla ya yote hayo apatikane mwanamke wa kuwaongoza. Asiyekubaliana nami asiache kusoma. Humu mna habari atakazozihitaji kwa uamuzi wowote atakaoufanya.

Kwani skauti si jambo la wavulana?

Lilianza hivyo. Agosti 1907, Robert Baden-Powell, afisa wa jeshi la Uingereza, aliwachukua wavulana wapatao 20 wakapige kambi katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Aliwafundisha kuwasha moto, kusoma nyayo, kufunga mafundo na kuokoa mtu aliyedhurika. Hakuwa na wazo la wasichana.

Wasichana ndio waliokuwa na wazo lao. Septemba 1909 maskauti walikusanyika kwa maelfu Crystal Palace jijini London, na katikati ya umati ule wakatokea wasichana waliojivika mavazi ya skauti, bila kualikwa na mtu, wakasema na wao ni maskauti. Mwaka uliofuata, 1910, kikaundwa chama chao cha Girl Guides, na Agnes, dada yake Baden-Powell, akakabidhiwa kukiongoza. Basi mzazi anayeniambia kwamba habari ya wasichana katika skauti ni mambo ya juzi, yaliyoletwa na televisheni, namwambia ina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Huku kwetu, skauti iliingia Kenya 1910 na Girl Guides 1920. Baden-Powell mwenyewe alihamia Nyeri 1938, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941, na huko ndiko alikozikwa. Mkewe Olave, aliyekuwa Mkuu wa Girl Guides duniani, alifariki 1977, na majivu yake yakaletwa yakawekwa katika kaburi hilo hilo. Walizaliwa tarehe moja, 22 Februari, ingawa miaka mbalimbali, ndiyo sababu kila Februari utasikia maskauti wanakwenda Nyeri.

Leo Kenya ikoje? Skauti wa kike anaruhusiwa au tunajifanyia tu?

Anaruhusiwa kabisa. Chama cha maskauti cha Kenya hupokea wavulana na wasichana katika ngazi zake zote: Sungura kwa wadogo wa shule ya msingi, Chipukizi kwa wanaobaleghe, Mwamba kwa vijana wa sekondari, na Jasiri kwa waliotimiza miaka 18. Kwa upande mwingine, Girl Guides wa Kenya ni wa wasichana peke yao.

Duniani pia kuna mashirika mawili, moja la skauti na jingine la Girl Guides, na lile la Girl Guides liliundwa 1928. Mwaka 1999 mkutano wa dunia wa maskauti uliofanyika Durban, Afrika Kusini, ulipitisha sera kuhusu wasichana na wavulana, wanawake na wanaume. Sera hiyo haikulazimisha kila kundi liwe na watoto wa jinsia zote mbili wakiwa wamechanganyika. Iliacha nafasi ya kuzingatia utamaduni wa mahali. Naona wengi wa upande wangu hupenda kuisahau sehemu hiyo.

Binti yangu aende skauti au Girl Guides?

Kama shuleni kwao kuna Girl Guides walio hai, wenye kiongozi anayefika kila wiki, mpeleke huko kwa moyo mkunjufu. Atajifunza mengi yale yale: kambi, huduma ya kwanza, uongozi, kutumikia watu. Tena atajifunza mbele ya wanawake na miongoni mwa wenzake, na wako wasichana wanaofunguka midomo hapo tu. Sioni ushindani baina yetu na wao, na kiongozi wa skauti anayewanyang'anya Girl Guides wanachama ili daftari lake lijae anawakosea watoto.

Shida ni kwamba shule nyingi za visiwani hazina Girl Guides, au wako kwa jina. Msichana wa namna hiyo hachagui baina ya vyama viwili. Anachagua baina ya skauti na kukaa nyumbani Jumamosi nzima, na huyo ndiye ninayemtetea.

Haya si mambo ya Marekani? Wao wameharibikiwa, sisi tunafuata.

Tuyaeleze ya Marekani kama yalivyo. Boy Scouts of America waliotangulia 1910 walikuwa wa wavulana. Wasichana walikuwa na chama chao, Girl Scouts, kilichoanzishwa na Juliette Gordon Low huko Savannah, Georgia, mwaka 1912. Oktoba 2017 Boy Scouts walitangaza kuwa watapokea wasichana. Wadogo wakaingia 2018, na wakubwa wakaingia Februari 2019. Girl Scouts hawakupendezwa. Novemba 2018 wakawashtaki wenzao mahakamani, wakidai kwamba jina lao linachanganywa na wazazi wanapotea njia. Jaji aliitupilia mbali kesi hiyo 2022. Mwaka 2024 Boy Scouts wakatangaza jina jipya, Scouting America, lililoanza kutumika rasmi Februari 2025.

Sasa tazama jambo ambalo halizungumzwi barazani. Walipowapokea wasichana wa miaka 11 kwenda juu, hawakuwatia katika makundi ya wavulana. Waliwaundia makundi yao, wavulana mbali na wasichana mbali, mara nyingi chini ya mdhamini mmoja: kanisa moja, shule moja. Kwa hiyo anayesema "Marekani wamewachanganya" anasema nusu ya habari, na anayesema "tuwachanganye kama Marekani" naye hajui walichokifanya.

Uingereza, walikoanzia, maskauti walianza kupokea wasichana wakubwa 1976, wakaruhusu ngazi zote 1991, na tangu 2007 kila kundi la chama chao lazima liwe wazi kwa wasichana. Na Girl Guides wa Uingereza wapo mpaka leo, wasichana watupu. Nchi moja imebeba njia zote mbili.

Mwalimu, na dini? Watoto wa kike na wa kiume kuchangamana si kuwafungulia mlango?

Swali hili nalipa uzito kuliko yote, kwa kuwa anayeuliza anaogopea mtoto wake na anamuogopa Mola wake. Hukumu ya sheria atakupa shekhe wako au kadhi, si mimi. Ninachoweza ni kukuonyesha walivyofanya Waislamu wengine.

Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kupita zote, ina chama cha skauti kinachoitwa Pramuka, kilichoundwa 1961, na ndicho kikubwa kuliko vyote duniani. Wasichana wamo kwa mamilioni. Lakini vikundi vyao vya watoto ni mbalimbali, wavulana upande wao na wasichana upande wao, vya wasichana vikiongozwa na wanawake, na kambini mahema hutengwa. Chama ni kimoja, ahadi ni moja, beji ni zile zile. Nilipoufahamu mpango wao nilitulia moyo, maana ni ule ule ambao mama zetu wa Lamu wangeuchora kama wangepewa kalamu.

Na ahadi yenyewe ya skauti huanza na wajibu kwa Mungu. Mtoto wa Kiislamu anaisema akimkusudia Allah, na mtoto wa Kikristo anaisema kwa imani yake. Skauti haimtoi mtu katika dini yake. Mikutano yetu hupangwa isigongane na chuo cha Kurani wala na swala, na kabla ya magharibi kila mtoto yuko kwao. Mwezi wa Ramadhani tunapunguza kazi za jua na kubakisha mafundo, ramani na huduma ya kwanza.

Basi kwa nini usiwachanganye tu? Shuleni si wanakaa darasa moja?

Nitakueleza nilichokiona, na ninakiona tena kila tunapojaribu. Mpe dira na ramani kikosi cha watoto wanane, wanne wa kiume na wanne wa kike, uwaambie watafute njia kutoka Shela mpaka nyuma ya matuta ya mchanga. Kabla hawajafika nyumba ya mwisho, dira iko mkononi mwa mvulana. Ramani iko kwa mvulana mwingine. Msichana mmoja ameshika daftari kwa sababu "ana mwandiko mzuri". Mwingine amebeba mkoba wa chakula. Hakuna aliyeamrisha, wala hakuna ubaya moyoni mwao. Wamegawana kazi vile walivyoona zikigawanywa tangu wazaliwe. Saa mbili baadaye wavulana wamejifunza dira, wasichana wamejifunza kusubiri.

Kikosi hicho hicho kikiwa cha wasichana watupu, dira lazima ishikwe na msichana, maana hakuna mwingine. Mara ya kwanza huwa wanabishana mpaka jua linawaka. Mara ya tatu wanatembea.

Na kwa wavulana vile vile. Kikosi cha wavulana peke yao hakina dada wa kumtupia sufuria. Nimewaona wakipika wali uliokuwa mbichi juu na umeungua chini, wakaula wote kwa kuwa hapakuwa na kingine, kisha wakakaa chini kusugua masizi kwa mchanga wa pwani mpaka chungu kikang'aa. Mama wa mmoja wao aliniambia kwamba mwanawe sasa anaosha sahani yake nyumbani bila kuambiwa. Hilo halingetokea kama palikuwa na msichana kando.

Kama kutenganisha kuna faida hivyo, si bora makundi mawili kabisa?

Kwa karatasi, ndiyo. Kwa uhalisi wa Lamu, nahofia. Kundi lina mahema machache, kamba chache, mashua ya kuazima na mtu mmoja wa kuandika barua kwa ofisi. Ukiligawa mara mbili, mali haigawanyiki nusu kwa nusu. Hema zima linabaki kwa wavulana "kwa sababu wao ndio wanaokwenda kambi", na wasichana wanapewa lililotoboka. Baada ya mwaka, kundi la wasichana linakufa, halafu watu wanasema wasichana hawapendi skauti.

Chini ya bendera moja, daftari la mali ni moja na kila mtu anaona nani amechukua nini. Baraza la viongozi wa vikosi ni moja, na hapo mvulana wa miaka 14 anakaa kumsikiliza msichana wa miaka 14 akieleza kwa nini kikosi chake kinastahili mashua wiki hii. Mazungumzo hayo, mbele ya watu wazima, kwa adabu, ni mafunzo ambayo watoto wetu hawayapati kwingine. Kesho watakuwa mume na mke, mwajiri na mwajiriwa, diwani na mpiga kura.

Zipo pia kazi ambazo tunazifanya wote pamoja. Kupanda mikoko ni moja. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na maji yakishapwa kila mtoto anazama topeni mpaka magotini, mbegu kapuni. Vikosi vinapanda mistari yao sambamba. Hakuna anayepata nafasi ya upuuzi, kwa sababu maji yanarudi na kazi haijesha.

Watoto wa umri gani mnawatenga?

Sungura, wale wadogo, hatuwatengi katika michezo na nyimbo. Kuanzia Chipukizi kila jinsia ina vikosi vyake vya watoto sita hadi wanane, na kiongozi wao waliyemchagua wenyewe. Mwamba hivyo hivyo. Jasiri ni watu wazima na wanajipangia, ila nao wakilala kambini sheria ya mahema ni ile ile.

Nani atawaongoza wasichana?

Hapa ndipo penyewe, na hapa ndipo mji huu hautaki kukaa. Tumebishana miezi kuhusu kama wasichana waingie au wasiingie, na katika mabishano hayo yote nimesikia mara chache mno mtu akiuliza: yuko wapi mwanamke atakayekuwa nao kila Jumamosi?

Msimamo wangu ni mkali. Kundi lisilo na mwanamke mzima aliyefunzwa, anayehudhuria kila mara, lisiandikishe wasichana hata mmoja. Lisianze "halafu tutampata". Halimpati. Wasichana wanaingia kwa shangwe, kiongozi wa kiume anajitahidi kwa nia njema, halafu mtoto mmoja anapatwa na jambo ambalo hawezi kumwambia mwanamume, anaacha kuja, na wenzake wanafuata. Wazazi wanasikia minong'ono. Mlango unafungwa kwa miaka.

Na mwanamke huyo hatafutwi kwa tangazo ukutani. Mfuate. Lamu ina walimu wa kike, wauguzi, wanafunzi waliomaliza kidato cha nne na hawajapata kazi, mama ambao watoto wao wamekua. Muulize kinachomzuia. Mara nyingi ni vitu vitatu: hana wa kumuachia mtoto mdogo, hajui kama mumewe ataridhia, na anadhani skauti ni kukimbia na kupiga saluti. La kwanza linatatuliwa kwa kumruhusu aje na mtoto wake. La pili linatatuliwa kwa kwenda nyumbani kwao kwa heshima, mtu mzima wa kundi na mkewe, wakazungumza na mume kinaga ubaga. La tatu linakwisha akihudhuria mkutano mmoja. Bora zaidi ni kutafuta wawili, dada na dada au shoga wawili, kwani mmoja peke yake miongoni mwa viongozi wanaume huchoka haraka.

Kisha mumpe mamlaka. Mwanamke aliyeletwa ili aonekane, asiyeshika ufunguo wa stoo wala kuulizwa ratiba, anajua hivyo kabla ya mtu yeyote.

Usalama je? Si wakiwa wavulana watupu hatari ni ndogo?

Laiti ingekuwa hivyo. Februari 2020 Boy Scouts wa Marekani waliomba kinga ya kufilisika, kwa sababu ya madai ya watu waliodhulumiwa kingono wakiwa watoto. Madai yalifika zaidi ya 82,000 na mfuko wa fidia ukapita dola bilioni 2. Wengi wa waliodai walikuwa wanaume, waliodhulumiwa wakiwa wavulana, na watu wazima waliopewa dhamana yao, katika miaka ambayo makundi hayo yalikuwa ya wavulana watupu. Hivyo mzazi mwenye mtoto wa kiume asikae raha kwa sababu hakuna wasichana.

Kinachomlinda mtoto ni utaratibu. Hakuna mtu mzima kuwa faraghani na mtoto mmoja, hata kwa dakika, hata akiwa mjomba wake. Kila safari ina watu wazima wawili au zaidi, na wasichana wakiwemo basi mmoja wao ni mwanamke. Watu wazima hawalali hema moja na watoto. Kila kiongozi alete cheti cha tabia njema cha polisi, na cheti kisipokuja kazi haianzi. Ujumbe wa simu kwa mtoto unapitia kwa mzazi. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inawagusa kwa jina watu wanaotumia cheo na uaminifu waliopewa, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Namba ya simu ya watoto ni 116, bila malipo, na kila mtoto wetu anaijua kwa moyo kabla ya kujua fundo la kwanza.

Likitokea jambo, haliamuliwi barazani na wazee ili "lisitoke nje". Linakwenda polisi na kwa afisa wa watoto. Nalisema wazi kwa sababu hapa kwetu stara ni neno tukufu, na haifai litumiwe kumfunika mkosaji.

Na ile salamu ya mkono wa kushoto?

Maskauti duniani husalimiana kwa mkono wa kushoto, na hapa kwetu mkono wa kushoto hautolewi kwa mtu. Ukiongeza mvulana na msichana wasio maharimu, yaani wanaoweza kuoana kwa sheria ya dini, mambo mawili yamekutana. Jibu ni fupi: saluti ya vidole vitatu inatosha. Hatushikani mikono baina ya wavulana na wasichana, na hakuna aliyepoteza beji kwa hilo.

Sare itakuwaje?

Shati la mikono mirefu, sketi ndefu au suruali pana, hijabu ya rangi iliyokubaliwa na kundi, na skafu juu yake. Skafu ikae juu ya hijabu, isifichwe ndani, maana mtoto anataka ionekane. Atumie pini za usalama, zile za kichwa cha lulu zinachomoka mtoto akikimbia. Sare isiwe ghali. Fundi wa mtaa wa Langoni atashona kwa bei ya kuelewana mkipeleka vitambaa pamoja, na mtoto asiye nayo anahudhuria na skafu tu.

Mtawatia watoto wa kike baharini?

Ndiyo, na hapa sitapunguza sauti. Tunaishi kisiwani. Mtoto akienda Mokowe anapanda mashua, akienda Manda anapanda mashua, akienda kwa bibi yake Pate au Faza anapanda mashua. Kaka zake wamejifunza kuogelea kwa kujirusha kutoka gatini tangu wana miaka mitano. Yeye ametazama kutoka juu. Chombo kikipinduka, bahari haimuulizi jinsia yake.

Tunavyofanya ni hivi. Wasichana wanafunzwa na mwanamke anayejua kuogelea, asubuhi mapema upande wa Shela, pwani ikiwa bado tupu, na wavulana siku hiyo wana kazi mjini. Mavazi ni suruali ya kubana na fulana ndefu ya kitambaa kisichonyonya maji, au vazi la kuogelea lenye kufunika mwili wote na kichwa. Dera hapana, na buibui hapana kabisa: kitambaa kinavimba, kinajizonga miguuni, kinamvuta chini hata anayejua. Wanaanzia maji ya kiunoni kwa kuelea chali. Mtoto hujikaza shingo mwanzoni, masikio hataki yaingie maji, na mwalimu anamtia kiganja nyuma ya kichwa mpaka shingo ilegee. Akishaelea chali bila mkono wa mtu, zaidi ya nusu ya hofu imekwisha, na hilo ndilo litakalomuokoa siku ya ajali kuliko mbio za kuogelea.

Kwenye mashua, jaketi la kuelea kwa kila kichwa, mikanda imefungwa, nahodha akiwemo. Likizo ya Agosti ni kusi, bahari inachafuka, hivyo tunabaki ndani ya mkondo baina ya Lamu na Manda. Safari za mbali tunazingoja kaskazi.

Baba mmoja alinijia akiwa na wasiwasi mwingi juu ya haya. Nilimuomba amlete mkewe atazame asubuhi moja. Mke alikuja na dera lake, akakaa mchangani, na alipoondoka aliuliza kama mama mtu naye anaweza kufunzwa.

Kambi ya kulala nje na safari za mbali, kama Nyeri?

Kutoka Lamu mpaka Nyeri ni kuvuka Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Minjila, na bado hujafika hata Mombasa wala Nairobi. Ni safari ya kulala njiani. Kwa wasichana tunataka viongozi wanawake wawili, ruhusa ya mzazi iliyoandikwa, mahali pa kulala palipojulikana kabla, na mzazi anayetaka kufuatana na mwanawe anakaribishwa. Wako wanaoshikilia kuwa binti asisafiri bila maharimu, na tunaheshimu hilo: kaka au mjomba akiweza kuja atapewa kazi, asipoweza, binti hatanyimwa beji kwa kutokwenda. Kambi ya mchana Manda au Kipungani ina mafunzo yale yale.

Kambini, mahema ya wasichana na ya wavulana yanatengwa na yale ya viongozi yanawekwa katikati. Choo na mahali pa kuoga ni mbali mbali. Kila kambi iwe na sodo za akiba, sabuni, ndoo yenye kifuniko na mahali pa kuanikia penye stara, na msichana asihitaji kumuomba mtu yeyote, vikae tu pale anapojua. Kiongozi wa kiume anayeona aibu kununua sodo ampe pesa kiongozi wa kike, ila ziwemo kwenye bajeti.

Wavulana wangu watapoteza nini?

Wana haki ya kuwa na mahali pao. Nimewaona vijana wa mji huu wakipotelea kwenye dawa za kulevya, na mvulana aliyekosa mwanamume mzima wa kumuiga anamtafuta gatini, na huko wapo wa kila namna. Kikosi cha wavulana chenye kiongozi mwanamume aliyetulia ni kinga. Mpango wa vikosi mbalimbali unakilinda kikosi hicho, hakuna anayekivunja. Watakachopoteza ni kuoshewa vyombo na kina dada.

Sisi tuko bara, Mpeketoni na Hindi, na wengi wetu ni Wakristo. Lazima tufuate haya?

Hapana. Huko shule nyingi zina watoto waliozoea kufanya kila kitu pamoja, na kikosi cha mchanganyiko kinaweza kufaa, ila mtazameni nani anashika dira. Masharti mawili hayabadiliki popote: mwanamke mzima awepo, na utaratibu wa usalama. Mengine jipangieni na wazazi wenu, na kamishna wa skauti aarifiwe. Tukikutana kwenye kambi ya kaunti, mwenyeji hufuata utaratibu ulio mkali zaidi kati ya makundi yaliyokuja.

Tuna wasichana watatu tu. Tuwatie kwenye kikosi cha wavulana kwa sasa?

Msifanye hivyo. Watatu ni kikosi kidogo, lakini ni kikosi. Wapeni jina, bendera, dira yao na kamba zao, wamchague kiongozi wao, na awe na kiti katika baraza la viongozi wa vikosi sawa na wa vikosi vya wanane. Kila mmoja alete rafiki mmoja mwezi ujao. Kama hata baada ya mwaka bado ni watatu, nendeni mkawasikilize mama zao, ukumbini, pasipo haraka, na mwanamke ndiye azungumze.